Baada ya Fungate ya Ajira: Kuridhika na Kazi katika Viwanda vya Dawa



Kiwanda kikigawa dodoso leo, wenye miaka 10 kazini huenda wakaonekana kuridhika kuliko wenye miaka miwili. Tusishangilie haraka. Wenzao waliochoka walishaondoka, na dodoso halimfuati mtu nyumbani. Anayetaka kujua kuridhika kunavyobadilika hana budi kuwafuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka.

Mtafiti Wendy Boswell na wenzake walifanya hivyo kwa mameneja wa Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Kuridhika kulikuwa chini kabla ya mtu kuhama kazi, kukapanda alipoingia kazi mpya, kisha kukashuka tena. Fungate ilikwisha.

Kwenye viwanda vya dawa, kushuka huko kuna sababu zake. Kanuni za utengenezaji bora zinataka bechi ya leo ifanane na ya jana. Mwendesha mashine ya vidonge huvaa, husafisha, hupima uzito, huandika, husaini, na mwenzake huhakiki. Kisichoandikwa hakikufanyika. Miezi ya mwanzo hayo yote ni elimu. Baadaye mikono inajua na akili haina la kufanya. Ubunifu, ambao kwingine humpa mtu sifa, hapa unaweza kuitwa ukiukaji wa utaratibu. Msimamizi asiyelielewa hili humwita mfanyakazi mvivu.

Mwakilishi wa mauzo ana maudhi yake: akifikia lengo, la mwakani hupandishwa. Mtafiti naye hungoja. Dawa mpya huweza kuchukua zaidi ya miaka 10 hadi kufika sokoni, na nyingi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu hazifiki. Tena uamuzi wa mbali unaweza kumkuta akiwa kazini. Februari 2011 Pfizer ilitangaza kufunga kituo chake cha utafiti cha Sandwich, Uingereza, chenye wafanyakazi wapatao 2,400, palepale ilipogunduliwa Viagra. Mafanikio ya zamani hayakuwalinda.

Je, mshahara ungetibu haya? Mtafiti Frederick Herzberg na wenzake waliandika mwaka 1959 kwamba mshahara huzuia manung'uniko zaidi ya kujenga kuridhika, na kwamba kuridhika hutokana na kazi yenyewe, kutambuliwa na kukua. Waajiri wanaipenda mno kauli hii, hasa msimu wa kudai nyongeza! Lakini manung'uniko yasiyozuiwa nayo hufukuza watu.

Napendekeza maswali yaleyale yaulizwe mwezi wa 3, wa 12 na wa 36 wa ajira, kwa namba ya siri isiyofika kwa msimamizi. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, mwendesha mashine afundishwe kazi ya pili: maabara ya ubora, ghala, au uchunguzi wa malalamiko ya wateja. Na anayeondoka aulizwe sababu na mtu asiyekuwa bosi wake. Naomba kila kiwanda kinachowakilishwa katika mkutano huu kianze na waajiriwa wake wapya wa mwaka huu.