Matusi na masingizio ya telefoni: hotuba kwa familia za wahami, Beni

 Tunawashukuru wenyeji waliopokea familia za wahami katika viwanja vyao.

Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, wengi wenu mmekimbia zaidi ya mara moja, na katika mzigo mdogo mlioweza kubeba, telefoni ilikuwamo. Kwa telefoni mnajua nani amefika Butembo na nani bado yuko porini. Kwa hiyo hatukuja kuwaambia vijana waache telefoni. Tumekuja kuzungumza juu ya matusi, vitisho na masingizio yanayotumwa kwa telefoni ili kumwaibisha mtu au kumtia hofu. Wengine husema hiyo ni michezo ya vijana. Sisi tumeona mengine.

Binti mmoja wa familia ya wahami alipigwa picha bila kujua. Alikuwa bombani na bidoni yake, akizungumza na kijana ambaye watu wa mtaa hawakumfahamu. Picha ikawekwa katika kundi la WhatsApp pamoja na sauti ya mtu akisema kwamba binti huyo anapeleka habari kwa waasi. Kabla ya usiku ilikuwa imefika katika makundi ya watu wasiomjua kabisa. Nanyi mnajua neno hilo linafanya nini hapa kwetu. Watu wamekwisha kupigwa mawe kwa ajili yake, kabla ya yeyote kuuliza limetoka wapi.

Hapo sisi nasi tulikosea, na ni vizuri mlisikie kutoka kwetu. Tuliita mkutano ili kumtetea. Tukaonyesha ile picha mbele ya watu wote, waone kwamba haina ubaya wowote. Wale ambao hawakuwa wamemwona wakaijua sura yake siku hiyo. Mama yake alitufuata baada ya mkutano, akauliza: «Sasa mtoto wangu atachota maji wapi?» Hatukuwa na jibu. Familia ile ilihama tena, na safari hii hakuna bunduki iliyolia.

Baadaye tulizungumza na baadhi ya watu waliopitisha picha ile. Aliyeianzisha ni mmoja. Waliopitisha ni wengi, na karibu wote hawakumchukia binti. Mama mmoja alituambia alitaka tu kuwaonya dada zake. Jambo hilo lilitushangaza kuliko matusi yenyewe. Bila watu wema kama yeye, ile picha ingebaki katika kundi moja. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, tuliona hali kama hiyo: uvumi ulipita haraka kuliko wauguzi, waliopona wakaogopwa na majirani zao, na wahudumu wa afya wakashambuliwa.

Basi ukipokea picha au sauti inayomtaja mtu kwa ubaya, iishie kwako. Kama ni habari ya usalama kweli, mpelekee mkuu wa mtaa peke yake, si kundi zima. Anayesimamia kundi anaweza kuifuta kwa wote, tena anaweza kumtoa aliyeileta. Asiogope kuitwa mkali.

Kwako wewe unayetukanwa: usijibu matusi kwa matusi, na usifute ujumbe kwa haraka ingawa unauma. Piga picha ya ukurasa, namba ya aliyetuma na tarehe vionekane, kisha uizuie namba hiyo. Hivyo ni ushahidi. Sheria ya digitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayemsumbua mtu kwa njia ya elektroniki, na anayeeneza chuki ya kabila kwa njia hiyo. Tunajua safari ya kufika polisi na parke ni ndefu, na ina gharama. Lakini ushahidi uliofutwa hauwezi kurudi hata siku mlango utakapofunguka.

Wazazi, tunawaomba jambo moja gumu. Mtoto akikuonyesha ujumbe wa aibu, usimnyang'anye telefoni wala usimpige. Akiadhibiwa mara moja, ya pili atanyamaza, na anayemtisha atajua kwamba yuko peke yake.

Na ninyi viongozi, msimwite aliyesingiziwa mbele ya baraza. Mwendeeni nyumbani, pamoja na mama anayemwamini. Muulizeni anataka nini kifanyike kabla hamjafanya lolote. Sisi hatukumuuliza yule binti.

Tukimaliza hapa tutabaki chini ya mwembe ule, pamoja na akina mama wawili wa komite. Anayetaka kuzungumza peke yake aje, hata kama ujumbe bado uko katika telefoni yake na hajamwonyesha mtu. Hatutaandika jina la mtu yeyote.