Atakayeimba Jubilei ya Miaka 50

Hotuba ya Katibu wa Kwaya kwa vijana na wazazi wao



Historia ya kwaya mmeisoma katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, na shukrani Mwenyekiti wetu amezitoa vizuri kuliko tungeweza sisi. Tumeombwa tuzungumze na vijana, basi tuanze na hesabu.

Leo tunatimiza miaka 25. Msichana wa miaka 15 anayeimba alto leo atakuwa na miaka 40 siku kwaya hii itakapotimiza miaka 50. Umri huo ndio wa mama wengi mnaowaona hapa, wale waliokesha wiki hii wakipiga pasi sare. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, mwaka wa jubilei ni ule wa 50, baada ya kuhesabu miaka saba mara saba. Kwa kipimo hicho sisi tuko nusu ya njia. Waanzilishi wetu tunawaombea maisha marefu, na wengine tunaamini watakuwepo, lakini watakaobeba sauti ya kwanza siku ile ni nyinyi mlio na miaka 13 hadi 19. Ndiyo maana tunawazungumzia mbele ya watu wote.

Kijana wetu ukimwuliza mwisho wa safari yake ya imani ni upi, atakujibu bila kusita: kufika kwa Mungu. Amefundishwa hivyo tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na tena katika Kipaimara. Lakini mwulize tena: na Jumanne jioni, baada ya shule, unafanya nini kinachokupeleka huko? Hapo atatazama viatu vyake. Si mtoto mbaya. Ni kwamba mbinguni ameonyeshwa, Jumanne anaijua, na njia kati ya hivyo viwili bado hajaiona. Shuleni siku hizi mwanafunzi wa Gredi ya 9 anaulizwa achague mkondo atakaofuata katika Gredi ya 10, na wazazi wanakaa naye usiku kucha wakipima sayansi, sanaa na mengineyo. Ni vizuri. Tungependa saa moja tu ya mazungumzo kama hayo kuhusu mkondo mwingine, ule usio na fomu ya kujaza.

Mfikirieni Yusufu. Wengi tunamkumbuka kwa kanzu yake na kwa ndoto zake, na miaka tunaipita haraka. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia alikuwa na miaka 17 alipokuwa akichunga kondoo pamoja na ndugu zake, na alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Katikati pana miaka 13. Kumbukeni kwamba 17 ni umri wa Kidato cha Nne. Ndoto zake kuu aliziota akiwa na umri huo, na baada ya hapo Maandiko hayataji ndoto nyingine aliyoota yeye mwenyewe. Kilichofuata kilikuwa kazi: nyumba ya Potifa ya kusimamia, kisha wafungwa wa kuangalia gerezani. Na mke wa tajiri wake alimwandama siku baada ya siku. Siku baada ya siku, vijana. Yusufu hakukataa mara moja akapigiwa makofi. Alikataa leo, akaamka, akakataa tena, na hakukuwa na mzazi wala ndugu hata mmoja katika nchi ile wa kumwona. Malipo yake ya kwanza yalikuwa gereza.

Tunataja gereza makusudi, kwa sababu nyinyi mnaambiwa mara nyingi kwamba ukitenda mema leo utavuna kesho asubuhi. Mwanafunzi anayekataa karatasi ya mtihani inayouzwa kwenye simu anaweza kupata alama ndogo kuliko jirani yake aliyenunua. Inawezekana kabisa, na hatutawadanganya hapa mbele ya altare. (Inawezekana pia kwamba karatasi yenyewe ni ya uongo na pesa zimeliwa, lakini hiyo si sababu yetu ya kukataa.) Tunachojua ni hiki: njaa ilipokaribia Misri na nafaka ya miaka saba ikahitaji mtunzaji, alipatikana mtu aliyekwisha kuzoea kuaminiwa na mali ya wengine. Uaminifu ule haukutengenezwa siku alipovishwa pete na Farao. Kesho utakuwa muuguzi, fundi wa umeme, karani wa kaunti au mama wa watoto, na utakabidhiwa funguo. Mkono utakaozipokea ni huu unaoshika kalamu katika chumba cha mtihani.

Danieli naye, ombi kwa Mungu wake lilipopigwa marufuku, alipanda chumbani mwake akasali mara tatu kwa siku, dirisha likielekea Yerusalemu, kama alivyokuwa amezoea. Sala zake zilikuwa na miaka mingi kabla simba hawajatajwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanakwaya wanalijua kwa koo zao wenyewe. Mvulana akifika miaka 13 au 14, sauti yake inavunjika. Koo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka karibu oktava nzima. Kwa miezi kadhaa hajui ni nini kitatoka akifungua kinywa. Anaanza wimbo salama, akifika kwenye kiitikio anatoa mlio wa jogoo mchanga, na safu ya sopran inaangua kicheko. Jumamosi inayofuata haonekani. Kwaya nyingi zimepoteza besi zao hapo, kabla hawajawa besi.

Mwalimu wetu wa kwaya ana njia yake. Mvulana wa namna hiyo anampa nota nne au tano za katikati, zile ambazo sauti yake inazifikia bila kulazimishwa, na kumwambia: imba hizi tu, kwa upole. Zikija za juu, nyamaza, lakini fuata kwa macho na usitoke kwenye safu. Hamruhusu kupiga kelele ili kufidia, wala hamruhusu kwenda kukaa nje na simu. Baada ya mwaka hivi, au zaidi kidogo, nota zinaongezeka zenyewe na tunampata mtena au besi. Wasichana pia sauti zao hubadilika umri huo, zinakuwa na pumzi nyingi na kuchoka upesi, ila kwao haisikiki sana, kwa hiyo hakuna anayewauliza.

Tunasema haya kwa sababu imani nayo huvunjika sauti katika umri uleule. Sala alizofundishwa na nyanya yake ghafla zinamkaa kama shati la mwaka juzi. Anauliza kwa nini Mungu alimwacha shangazi afe na watoto wadogo. Anakaa kwenye Misa akiwa mbali. Wazazi, tukimwona hivyo, tusimlazimishe kuimba nota za juu, na wala tusimwache atoke kwenye safu. Tumpe zile nne tano anazoziweza kwa kweli. Sala fupi ya jioni kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni malalamiko. Kuomba msamaha kwa mdogo wake kabla ya kulala. Kwenda Kitubio akiwa na jambo moja la kweli kuliko orodha ya kukariri. Kumtembelea mgonjwa mmoja wa jumuiya. Na wewe kijana, usione aibu kwamba unazo nne tu mwezi huu. Dakika kumi kwa siku ni zaidi ya saa 60 kwa mwaka. Mazoezi yetu ya Jumamosi, saa mbili kila wiki, ni saa 104, na mnajua wenyewe tofauti kati ya nyimbo za Januari na zile za Krismasi.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi upande wa pili pia. Shilingi 50 za kubeti kila siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Tunajua sheria inakataza walio chini ya miaka 18, na tunajua laini za kaka zao zinatumika. Saa mbili za kutazama video kila usiku ni saa 730, yaani mwezi mzima usiku na mchana. Hatusemi simu ni dhambi. Hata ratiba ya mazoezi tunaituma kwenye kundi la kwaya. Tunasema kila kitu unachorudia kinakufundisha kitu, uwe umekichagua au hujakichagua.

Kanisa limetupa marafiki wa umri wenu kwa jambo hili. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo wa 14 tarehe 7 Septemba 2025, alikufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alipenda kompyuta na michezo ya video kama nyinyi. Michezo hiyo alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki, na ujuzi wake wa kompyuta akautumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye tovuti. Misa alihudhuria kila siku. Saa moja kwa wiki! Tuliposoma hayo kwenye mkutano wa vijana, kuna aliyeguna, na tukamwelewa.

Na karibu zaidi na nyumbani yupo Mtakatifu Kizito, ambaye parokia nyingi na shule nyingi za Kenya zina jina lake. Alikuwa mtumishi mdogo katika jumba la Kabaka Mwanga, mwenye miaka kama 14. Alibatizwa na Karoli Lwanga kule Munyonyo wiki moja hivi kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tukienda hija huko mwezi wa Juni tunatazama moto. Tutazame pia miezi iliyotangulia, watoto wale wakijifunza katekisimu kwa siri, na Lwanga akiwakinga na tamaa za mfalme. Kizito hakuwa peke yake hata siku moja. Alikuwa na mkubwa aliyemjua kwa jina, aliyejua ni nini kinamsumbua, na aliyeona ubatizo wake ni jambo la haraka. Wakubwa wa kwaya, hapo pana sehemu yetu. Tusiwatambue vijana wakati wa kubeba viti na kayamba tu.

Ndiyo sababu kamati imekubaliana juu ya mpango mdogo, na Baba Paroko ameubariki. Kuanzia Jumamosi ijayo, kila mwanakwaya kijana atakuwa na mkubwa wa sauti yake: sopran kwa sopran, alto kwa alto, tena na besi vivyo hivyo. Watakutana robo saa kabla ya mazoezi, ndani ya ukumbi, milango wazi na wengine wakiwepo. Swali ni moja: wiki hii ulichagua nini, na kimekusogeza upande gani? Kijana akipenda ataandika nyuma ya daftari lake la nota. Asiyependa kuandika asilazimishwe. Mkubwa naye atajibu swali lilelile, maana hata sisi tuna Jumanne zetu. Yanayosemwa hapo hayapelekwi kwenye mkutano wa wazazi, isipokuwa mtoto akiwa hatarini. Hapo tutamwona Baba Paroko au mzazi siku hiyohiyo.

La mwisho ni la waliomaliza Kidato cha Nne. Kila mwaka wanatawanyika kwenda vyuoni na kwenye vibarua, Nairobi, Eldoret, Nakuru, Mombasa, na mji mgeni una njia nyingi za kumfanya mtu asahau saa ya Misa. Tutamwandikia kila mmoja barua ya utambulisho kwa kwaya ya parokia anakokwenda, ikitaja sauti anayoimba na nyimbo anazozijua, ili Jumapili ya kwanza asikae nyuma kama mgeni. Daftari liko mezani kando ya keki. Andikeni jina, sauti, mji, na parokia kama mnaijua, kabla hamjatoka ukumbini. Wanaoondoka kabla ya Kwaresima waandike kwanza, barua zao tutazianza Jumatatu.