Vipele Sugu vya Uso: Dawa Inapokuwa Ndiyo Maradhi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wananchi waliofika kwenye upimaji wa afya ngazi ya kata)



Mtu anayeumwa kichwa hupewa pole. Mwenye vipele usoni hapewi pole, hutazamwa tu. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yanaanza na mama lishe mmoja wa sokoni, ambaye ameridhia habari zake zisimuliwe ilimradi jina lake lisitajwe.

Maradhi yake yalianza kwa baka dogo kavu pembeni mwa pua. Halikuuma, liliwasha kidogo tu. Jirani akamwelekeza dukani, naye akauziwa tyubu ya krimu bila cheti wala swali. Siku ya tatu ngozi ilikuwa laini kana kwamba haikupata kuugua, akaacha kupaka. Haikupita wiki vipele vikarejea, safari hii vingi zaidi, vimeuzunguka mdomo na kushuka hadi kidevuni. Akapaka, vikatulia. Akaacha, vikarudi. Miezi 8 ikapita katika mzunguko huo, na tyubu ya sita ikawa imekwisha.

Fedha haikuwa hasara kubwa kuliko zote. Wapo walionong'ona kuwa ameathirika, wapo walioapa kuwa anatumia mkorogo, na shangazi yake alishikilia kwamba amerogwa. Wateja wakaanza kupita kibanda chake na kwenda cha jirani. Akawa anapika mbele ya moto huku amejitanda mtandio hadi puani. Kwaya aliiacha kabisa.

Alipofika zahanati, tabibu alimuuliza, "Mama, usoni unapaka nini?"

"Hakuna kitu, daktari. Mafuta ya kawaida tu."

Hakuwa na nia ya kudanganya. Kwake yeye, kama ilivyo kwa watu wengi, krimu haikuhesabika kuwa dawa. Tabibu akamwomba arudi kesho yake na kila kinachogusa uso wake, kiwe sabuni, mafuta au poda, hata kilichokwisha. Akarudi na mfuko wa plastiki, na ndani yake ile tyubu iliyokunjwa hadi shingoni. Maandishi yake madogo yalieleza yote: ilikuwa mchanganyiko wa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali iitwayo klobetaso.

Steroidi ya kupaka ni dawa njema ikitumika mahali pake. Hubana mishipa midogo ya damu, hutuliza uvimbe na kuondoa mwasho kwa haraka. Lakini ngozi ya uso si ngozi ya mkono. Vipimo vya kitaalamu vilivyofanywa kwa steroidi hafifu vilionesha kuwa paji la uso hupenyeza dawa takriban mara 6 kuliko mkono wa mbele, na taya takriban mara 13. Klobetaso imo katika kundi la steroidi kali kuliko zote. Ikipakwa usoni kwa majuma, ngozi hukonda, mishipa hulegea, na vipele vipya huzuka kuuzunguka mdomo, huku ukanda mwembamba unaopakana na midomo ukibaki safi. Ikikaribia macho kwa muda mrefu, huweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho. Na kama chanzo kilikuwa fangasi, krimu ya steroidi huficha alama zake ilhali fangasi wenyewe wanaendelea kutambaa.

Ndiyo maana tabibu hakuandika dawa papo hapo. Aligusa mabaka kwa pamba kuona kama hisia ipo, kwani baka lisilo na hisia huweza kuwa ukoma. Ngozi ikakwanguliwa kidogo na kutazamwa kwa hadubini katika maabara ya kituo cha afya; fangasi hawakuonekana. Akapimwa pia VVU kwa ridhaa yake, na majibu hayakuonesha maambukizi. Jibu hilo, asemavyo mwenyewe, lilimrudishia usingizi kabla uso haujapona.

Tiba ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuistahimili. Krimu kali iliachwa na mahali pake kuwekwa steroidi hafifu kwa siku chache, kisha hiyo nayo ikasitishwa. Uso ukawa unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu peke yake, bila sabuni wala mafuta. Baada ya kuthibitika kuwa si mjamzito, aliandikiwa kapsuli za doksisaiklini kwa wiki 6. Wajawazito na watoto wadogo huchaguliwa dawa nyingine.

Wiki ya pili uso ulifura, ukawaka na kutoka vipele kupita ilivyokuwa mwanzo. Hapa ndipo wengi hushindwa. Huona wameharibiwa, hurudi dukani, na mzunguko huanza upya. Mama huyu naye alikwisha kushika noti mkononi. Kilichomzuia ni kwamba tabibu alikuwa amemwambia mapema kuwa hali hiyo itakuja, na kumpa siku ya kurudi, siku ya 14. Alirudi akilia, akatazamwa, akaambiwa aendelee. Wiki ya tano vipele vilianza kukauka.

Katika ngozi nyeusi wekundu wa vipele hivi hauonekani wazi. Huwa ni rangi ya kahawia iliyokoza au zambarau, jambo linalowapoteza hata wenye kusoma vitabu vyenye picha za ngozi nyeupe. Vikipona huacha madoa yanayochukua miezi kufifia, na madoa hayo ndiyo humvuta mtu kwenye mkorogo.

Tangu 2019 vipodozi husimamiwa na TBS, na dawa husimamiwa na TMDA. Krimu ya klobetaso ni dawa, tena ya cheti, hata ikiwekwa rafu moja na losheni. Mwenye duka anayeiuza kama kipodozi anakosea, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kilichomo kabla ya kulipa.

Mwenye vipele vya uso vinavyorudi kila aachapo krimu aanzie zahanati ya kijiji chake, akiwa na tyubu zote, hata zilizo tupu. Kipimo cha fangasi hufanyika kituo cha afya. Ikishindikana, hutolewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo kwa wataalamu wa ngozi. KCMC mjini Moshi pana kituo ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kimefundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mama lishe bado ana madoa mawili kidevuni. Mtandio ameurudisha kichwani, na Jumapili iliyopita aliimba.