Risasi Zikiadimika Dukani

Leo tunazungumza na ndugu zetu mnaoishi Marekani na kumiliki silaha kihalali.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, watu wengi walinunua bunduki kwa mara ya kwanza, na kila bunduki mpya ilitaka risasi zake. Mwaka huohuo kampuni ya Remington ikafilisika, na kiwanda chake cha risasi kule Lonoke, Arkansas, kikauzwa. Kilichobana zaidi ni fataki, kile kikombe kidogo cha metali kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti: viwanda vinavyoitengeneza ni vichache. Rafu zikabaki tupu, na bei ya risasi za milimita 9 ikapanda maradufu na zaidi.

Hali hiyo ikirudi, usinunue kwa hofu. Kuzoa maboksi yote dukani ndiko kunakozidisha uhaba. Nunua kidogo kidogo bei ikiwa nzuri, uhifadhi pakavu, pasipo joto, chini ya kufuli, mbali na watoto.

Mazoezi nayo hayadai risasi kila siku. Bastola nyingi za kisasa waweza kuzifyatua zikiwa tupu: toa magazini, fungua chemba, itazame na uipapase kwa kidole, kisha risasi zote ziende chumba kingine. Elekeza mtutu penye ukuta imara, vuta kifyatulio polepole, uone kama mtutu unayumba.

Na tafadhali, risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua usizitie kwenye bunduki yako, hata akikupa bure. Baruti ikizidi, silaha inaweza kupasukia mikononi mwako.