Chujio la Masizi

Maneno ya leo ni matatu: masizi, chujio, majivu. Mwalimu ayaandike ubaoni, nanyi myasome pamoja.

Masizi mnayajua nyote. Ni ule weusi unaoshika chini ya sufuria. Mama akipika kwa kuni mbichi na moto hafifu, sufuria huwa nyeusi. Moto ukiwa mkali, masizi hupungua. Injini ya dizeli nayo ni kama jiko: huunguza mafuta, na moshi wake una masizi.

Malori ya zamani huutoa moshi huo wote nje. Baadhi ya malori ya siku hizi yana chujio katika bomba la moshi. Chujio hilo hushika masizi kama kifumbu kishikavyo machicha ya nazi. Lakini machicha hutupwa. Masizi huchomwa humo humo ndani. Moshi ukiwa na joto la kutosha, masizi huungua, yakabaki majivu kidogo. Joto lisipotosha, mtambo wa gari huongeza dizeli kidogo ili joto lifike nyuzi 600 hivi. Majivu hayaungui, fundi huja kuyaondoa baada ya safari nyingi.

Sasa tufuate lori moja kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Likishapita Sigi, njia hupanda kwa kona kali. Injini hufanya kazi kubwa, moshi huwa moto, na masizi huungua. Lori likifika juu, penye mashamba ya chai, dereva hungoja mzigo. Asubuhi ni baridi, naye hazimi injini. Saa moja hupita, ya pili hupita. Injini isiyo na kazi ina moto hafifu. Masizi huongezeka, na joto la kuyachoma halipo. Kisha lori huteremka na chai. Lijapokuwa na mzigo, mteremko ndio unaolisukuma. Injini hupumzika, na moshi haupati joto.

Ndipo taa ya chujio huwaka mbele ya dereva. Asiidharau. Njia ikiwa nzuri, aendeshe injini ikifanya kazi mpaka taa izimike. Kama gari lina swichi ya kuchoma masizi likiwa limesimama, aliweke mahali pa wazi, juu ya udongo mtupu. Bomba huwa moto sana, na majani makavu yaweza kuwaka. Msitu wa Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Moto ukishika pale, hasara ni yetu sote. Tena asifanye kazi hiyo ndani ya banda, maana moshi wa injini huua.

Wako watu waling'oao chujio ili kuepuka gharama ya fundi. Fedha huokoka, mapafu je? Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Wanaouvuta kwanza ni dereva mwenyewe, utingo wake na wapakiaji.

Basi shikeni neno moja: ukingoja mzigo, zima injini.

Maswali ya darasa:
1. Masizi huchomwa na nini?
2. Kwa nini kupanda mlima husafisha chujio, na kungoja hulijaza?
3. Lori lisisimamishwe wapi wakati wa kuchoma masizi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.