Waya Umefika Pwani, Sasa Uwafikie Wananchi

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa matawi. Tunaichapa ili wanachama ambao hawakuhudhuria waisome na kuijadili.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu viongozi wa matawi, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Nimeombwa niseme juu ya intaneti. Najua wapo humu watakaouliza: Je, hili nalo ni jambo la chama? Mwananchi ana shida ya maji, ya barabara na ya mbolea, nasi tunakaa kuzungumza habari za simu? Nitajibu swali hilo kwanza, maana mtu asiyejua kwa nini ameitwa kazini hawezi kuifanya kazi yenyewe.

Mkoloni alipojenga reli hakuijenga ili mtu wa Kigoma apate kumtembelea ndugu yake wa Tabora. Reli ilifuata mazao na bandari. Simu za siku zile nazo ziliunga boma na boma, mashamba makubwa na bandari. Mwananchi alipita chini ya waya ule kila siku akienda shambani, lakini waya haukuwa wake. Na hesabu za mwenye mali zilipoharibika, njia iling'olewa. Watu wa Mtwara na Nachingwea wanazijua habari hizi. Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, ikajenga reli kwa ajili yake. Mpango ukavunjwa mwaka 1951. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Njia isiyotumiwa na wenyeji haina maisha marefu.

Leo njia kuu ya nchi yetu ni intaneti. Kwa njia hiyo mkulima hujua bei ya mazao kabla dalali hajafika. Kwa njia hiyo mganga wa zahanati humwuliza daktari wa hospitali kuu, na mwanafunzi hupata kitabu ambacho shule yake haina. Fedha nazo hupita katika simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008. Basi mtu aliye nje ya njia hii yuko nje ya soko, nje ya shule na nje ya habari za nchi yake. Uhuru wa mtu huyo una upungufu. Ndiyo maana jambo hili ni la chama.

Sasa tutazame tulikotoka. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa kutuunga na dunia. Habari zetu zilipanda hadi satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ardhi, kisha zikateremka. Safari ilikuwa ndefu, njia nyembamba, na kodi yake ililipwa kwa fedha za kigeni. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo Kenya ikapata mkongo wa TEAMS, na mwaka 2010 ukafika EASSy. Mkongo ni nyuzi nyembamba za kioo, na ndani yake habari husafiri kwa mwanga. Uzi mmoja huchukua mazungumzo mengi kuliko satelaiti zile za zamani.

Serikali nayo ikajenga Mkongo wa Taifa, ikaukabidhi kwa TTCL kuuendesha. Mkongo huo umezunguka mikoa yetu na kufika mipakani, ukaungana na majirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti katika Mlima Kilimanjaro, hadi kituo cha Horombo chenye urefu wa mita 3,720. Kazi hizo ni za kusifiwa, nami nazisifu. Lakini mwenye njaa hashibi kwa kusikia kwamba chakula kimefika bandarini. Mgeni anayepanda mlima anaweza kupeleka picha yake Ulaya. Je, mwalimu wa shule ya kijiji kilicho mbali na barabara kuu anaweza kupokea mtihani wa majaribio kutoka wilayani? Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Ndugu zangu, kati ya mkongo na mwananchi kuna mapengo matatu.

Pengo la kwanza ni mnara. Kampuni ya biashara huweka mnara mahali penye wateja wengi na umeme. Kijiji chenye watu wachache hakimletei faida, kwa hiyo hakipati. Nasi tusishangae, kwa sababu biashara ni biashara. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni huuchangia, na Mfuko hulipa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo faida haipo. Mei 2023 mikataba ilitiwa sahihi Dodoma ya kujenga minara 758 katika kata 713. Huo ndio ujamaa wa mawasiliano: wa mjini anamchukua wa shamba. Lakini mnara si bendera, kwamba ukishasimama basi. Mnara wahitaji umeme, mafuta ya jenereta au jua, fundi, na njia pana ya kuuunganisha na mkongo. Mnara wa simu za kusema tu haumsaidii anayetaka kusoma. Tuulize kila mara: mnara huu unatoa nini, na unafanya kazi siku ngapi kwa mwezi?

Pengo la pili ni bei. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti yenye kasi iliweka shabaha mwaka 2018, kwamba ifikapo 2025 bei ya kifurushi cha chini isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Shabaha ni njema, lakini neno wastani lina hila. Mwenye kupata shilingi 1,000,000 na mwenye kupata shilingi 50,000, wastani wao ni shilingi 525,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 10,500. Kwa yule wa kwanza ni kama bure. Kwa wa pili ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yake yote. Kwa hiyo kipimo chetu kiwe mfuko wa mtu wa chini.

Majirani zetu wametupa mafunzo, tusione haya kuyachukua. Rwanda ilijenga mtandao wa 4G kwa kampuni moja iliyopewa haki ya peke yake, na huduma ikaanza mwaka 2014. Mtandao ulienea karibu nchi nzima, lakini watumiaji walibaki wachache, kwa kuwa ulikuwa ghali na simu za kuupokea ni haba. Baadaye Serikali yao ikaigeuza siasa ile, na mwaka 2023 kampuni nyingine zikaanza kutoa 4G zenyewe. Uganda nayo, Julai 2018, ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetumia mitandao ya kijamii. Wengine waliacha kutumia, wengine wakatafuta vichochoro. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Hapa kwetu tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, na Septemba ya mwaka huo ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30. Funzo ni moja: ukimtoza mtu mlangoni kabla hajaingia sokoni, hutapata kodi wala soko.

Njia za kupunguza bei zipo. Kampuni zitumie mnara mmoja kwa pamoja badala ya kila moja kujenga wake kilima kilekile. Barabara mpya inapojengwa, bomba la nyuzi liwekwe siku hiyohiyo, maana kuchimba ndiko kunakokula fedha, si uzi. Halmashauri zisiifanye ruhusa ya kupitisha nyuzi kuwa ng'ombe wa kukamua kila mwaka. Gharama hiyo haibaki kwa kampuni, humrudia mnunuzi wa kifurushi. Na habari za hapa nchini zizunguke hapahapa. Dar es Salaam na Arusha vimo vituo ambamo kampuni hubadilishana mawasiliano, ili barua kutoka Kariakoo kwenda Ilala isizungukie Ulaya.

Pengo la tatu ni mtu mwenyewe. Watu wengi wa Afrika wasiotumia intaneti leo wanaishi mahali ambapo mtandao tayari upo. Kinachowazuia ni bei ya simu janja, kutojua kusoma, na kutoona lenye faida kwao. Wanawake wameachwa nyuma zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa simu ya nyumbani mara nyingi hukaa mfukoni mwa baba. Na ziko wapi habari za mbegu, za uzazi salama na za sheria ya ardhi kwa Kiswahili chepesi? Lugha tunayo, nayo ni silaha yetu. Serikali na vyuo wakiandika kwa Kiingereza peke yake wanajenga daraja kisha wanaweka kufuli.

Yapo mambo mawili zaidi, nami sitayapita kimya.

La kwanza ni kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na nchi zetu zikakaa nusu gizani. Siku ile tuliona kwamba mlango mmoja hautoshi. Tunahitaji njia nyingi, za bahari na za nchi kavu, na makubaliano na majirani ya kuazimana njia siku ya shida. Wapo wanaosema tungoje satelaiti mpya zinazoruka chini. Zina kazi yake, visiwani na porini. Lakini taifa lisiweke masikio yake yote mikononi mwa tajiri mmoja wa mbali.

La pili ni kuzimwa. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini mwetu, ikakaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Aliyeumia si mtu wa siasa peke yake. Aliumia wakala wa fedha, mwenye duka, na mzazi aliyemtafuta mwanawe asimpate. Twasema kwa heshima, lakini twasema: mali ya umma haizimwi kama taa ya chumbani. Tukiwaomba wananchi wahamishie biashara na masomo yao kwenye njia hii, lazima tuwape ahadi kwamba njia haitafungwa usiku wakiwa wamelala.

Sasa kazi. Sikuja kuwapa maneno matamu mkayachukue nyumbani. Kila tawi lifanye mambo haya manne.

Mosi, andikeni vijiji vyenu vyote: kipi kina mnara, kipi hakina, na mnara upi umelala. Pili, mpelekeeni diwani na mbunge orodha hiyo, nakala iende kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kwa TCRA, kisha mdai jibu la maandishi. Malalamiko ya barazani hupeperuka. Karatasi yenye hesabu haipeperuki. Tatu, vijana wanaojua wawafundishe wasiojua, kama tulivyofanya katika elimu ya watu wazima. Jioni mbili kwa juma zinatosha, na kina mama wapewe nafasi ya mbele. Nne, ulindeni waya na mnara. Anayeiba betri ya mnara ameiba sauti ya kijiji kizima.

Ndugu wanachama, adui zetu ni walewale: ujinga, maradhi na umaskini. Silaha mpya imefika pwani na imeingia bara. Imebaki tuitie mikononi mwa watu. Haba na haba hujaza kibaba. Kata moja ikidai na kupata, jirani yake ataona, naye atadai.

Rudini mkafanye kazi.