Mwenye Kusahau Anaweza Kujifunza Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka)



Kwenye orodha ya mafunzo ya sabuni kuna majina yaliyokatwa. Nimeuliza sababu, nikajibiwa: "Huyu anasahau sana, atatupotezea mawese na soda." Leo naomba tuzungumze juu ya hayo majina.

Watu hao tunawajua. Kuna aliyepigwa kichwani wakati wa vita, kuna aliyepona malaria ya kichwa, kuna aliyeshikwa na kiharusi. Unamwambia jambo asubuhi, saa sita iko kama hukumwambia. Siyo ujinga, siyo uvivu, na kulogwa siyo.

Akili haina ghala moja. Mambo ya jana yanawekwa fasi moja, kazi ya mikono inawekwa fasi ingine. Kule Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo mwaka 1953, akashindwa kushika jambo jipya. Mtaalamu Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiangalia mkono wake ndani ya kioo. Kwa siku tatu mkono ulizidi kuwa hodari, lakini yeye mwenyewe hakukumbuka kama aliwahi kuifanya ile kazi.

Sasa, tufundishe namna gani?

Kwanza, tusimwache akosee. Tumezoea kusema: "Jaribu, ukikosea nitakurekebisha." Wewe unakumbuka kwamba ulirekebishwa, yeye anaweza kubaki na lile kosa tu. Alan Baddeley na Barbara Wilson wa Uingereza walionyesha hivyo mwaka 1994. Na kwenye sabuni kosa linaunguza: soda inatiwa ndani ya maji, maji hayatiwi juu ya soda. Basi usimuulize "tunaanza na nini?" Mwonyeshe, mfanye pamoja, hatua moja moja.

Pili, tupunguze msaada polepole. Fanyeni hatua zote pamoja, ila mwachie ya mwisho, kukata vipande. Akizoea, mwachie na kumimina. Ile ya soda ibaki ya watu wawili siku zote.

Tatu, turudilie kwa vipindi. Mwambie bei ya kipande, muulize kisha dakika moja, halafu mbili, halafu tano. Akikwama, mpe jibu palepale, mrudi kwenye kipindi kifupi.

Nne, tusibadilishe vyombo. Ndoo ileile, kipimo kilekile, fasi ileile, na picha za hatua ukutani. Ukibadilisha, kwake inaweza kuwa kazi mpya.

Sisemi kwamba kumbukumbu itarudi. Nasema mikono inaweza kushika kazi, na mwenye kazi anakula jasho lake.

Wanachama, nawaomba turudishe yale majina, na kila mmoja apewe mwenzake wa kufanya naye. Wafadhili wetu, mafunzo ya siku chache hayawatoshi watu hawa. Wanahitaji majuma mengi, kidogo kidogo kila siku. Mnatuuliza ni wangapi waliomaliza. Tuulizeni pia nani angali anatengeneza sabuni kisha miezi sita.

Wakati wa kuvuka ziwa kutoka Kigoma, hakuna aliyeachwa kwa sababu ya kusahau. Tusianze leo.